Kutoka Utabibu hadi Ukadhi: Historia ya Fundi na Gari Lililokataa Kuwaka

Katika zama ambazo gari la petroli lilikuwa bado likipewa mafuta yake na kabureta, fundi wa magari katika miji yetu, ya pwani na ya bara, alikuwa na cheo kinachokaribiana sana na cha tabibu wa mitishamba: aliletewa mgonjwa asiyeweza kusema, akamzunguka, akamnusa, akamtia mkono, akazisikiliza pumzi zake, kisha akayataja maradhi kwa jina bila ya kufungua kitabu. Gari lililogoma alfajiri lilifunguliwa boneti, na kabla spana haijatolewa mkobani fundi alikuwa amekwisha kujua, kwa harufu ya petroli iliyozagaa juu ya injini, kwamba mwenye gari alivuta choki kupita kiasi na plagi zimelowa. Au, kwa kukosekana kwa harufu hiyo, kwamba kibakuli cha kabureta ni kikavu na mafuta hayajafika. Ilmu hiyo ilikaa puani, masikioni na katika ncha za vidole, nayo ilirithiwa kwa kukaa karibu na mwenye kuijua. Nia yangu ni kusimulia jinsi kazi hiyo ilivyobadilika katika maisha ya kizazi kimoja, ikawa kazi ya namna nyingine kabisa, ilhali jina la mwenye kuifanya limebaki lile lile.

Asili ya kazi hiyo ni ya kale kama gari lenyewe. Mwezi wa Agosti mwaka 1888, Bertha Benz, mke wa Karl Benz aliyepata hati ya uvumbuzi wa gari lake miaka miwili kabla, aliondoka Mannheim pamoja na wanawe wawili kwenda kwa mama yake mjini Pforzheim, safari ya kilomita zaidi ya 100 katika barabara zilizotengenezwa kwa ajili ya farasi. Njiani mrija wa mafuta uliziba, akauzibua kwa pini ya kofia yake. Waya wa umeme wa kuwashia ulipochubuka, akaukinga kwa ukanda wa kushikia soksi. Na mafuta yalipopungua, alinunua ligroini katika duka la dawa mjini Wiesloch. Mwenye kuzitazama taabu hizo kwa makini ataona kwamba mama huyo alikwisha kuzigusa nguzo mbili za ilmu nzima, nazo ni mafuta na cheche. Nguzo ya tatu ni hewa, na aliyeiunganisha na mafuta kwa ustadi uliodumu ni Wilhelm Maybach, ambaye mwaka 1893 alibuni kabureta ya kunyunyiza: hewa ikipitishwa kwa kasi katika shingo nyembamba, shinikizo lake hupungua, na upungufu huo hunyonya petroli kutoka tundu dogo na kuitawanya kama ukungu.

Kwa muda wa miaka 70 na zaidi fundi wa petroli, awe Stuttgart, awe Mombasa, alifanya kazi chini ya nguzo hizo tatu, huku mgandamizo wa silinda ukiwa ndio msingi ulioyabeba yote. Kabureta ilikuwa na adili moja na upungufu mmoja. Adili lake ni kwamba haikuficha kitu: ukiondoa kifuniko chake waona petroli, waona kipimo chake, waona uchafu uliotuama chini. Upungufu wake ni kwamba haikujua lolote juu ya hali ya injini. Injini ikiwa baridi, sehemu kubwa ya petroli hukataa kugeuka mvuke, ikabaki imenata katika kuta za njia ya hewa, na kwa hiyo injini yahitaji mafuta mengi zaidi ili kiasi kidogo kiweze kushika moto. Lakini kabureta ya kawaida haikuwa na njia ya kulijua jambo hilo, na binadamu ndiye aliyelazimika kuijulisha, kwa kuivuta choki kwa mkono wake asubuhi na kuirudisha kidogo kidogo injini ilipopata joto.

Mafunzo nayo yalifuata desturi ambayo watu wa pwani walikuwa wakiijua tangu enzi za waundaji wa majahazi. Mwanagenzi aliingia gereji akiwa kijana, akaanza kwa kuosha vipuri na kupokeza spana, asiulize mengi. Mwaka wa kwanza ulipita akijifunza majina ya vitu, mwaka wa pili akijifunza sauti zake. Gerezani ya Dar es Salaam, na barabara ya Kirinyaga ya Nairobi iliyokuwa ikiitwa Grogan zamani, zilikuwa madrasa za namna hiyo, zisizo na mlango wala kengele. Jaribio moja alilofundishwa kila mwanagenzi lilikuwa hili: injini inapokuwa ikitikisika, ikimisi, hushikwa waya wa plagi ya kwanza kwa kitambaa kikavu na kung'olewa, kisha wa pili, kisha wa tatu. Silinda nzima ikinyimwa cheche, injini hulalamika na mngurumo wake hushuka. Lakini silinda mbovu ikinyimwa, injini haibadiliki, kwa sababu mtu asiyefanya kazi akiondoka, kazi haipungui. Naomba msomaji alihifadhi jaribio hilo, kwa kuwa tutakutana nalo tena.

Si kweli kwamba mfumo wa kupulizia petroli kwa nozeli ulizaliwa pamoja na kompyuta. Ulitangulia. Kampuni ya Robert Bosch ilianza kuuza pampu za kupulizia dizeli mwaka 1927. Injini za ndege za Kijerumani za miaka ya 1930 zilipuliziwa petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Na mwaka 1954 Mercedes-Benz ilitoa gari la 300 SL lenye mfumo wa namna hiyo. Na sisi wa Afrika Mashariki hatukuwa wageni wa mambo hayo, kwani katika mashindano ya magari ya Safari, yaliyoanzishwa mwaka 1953, ilikuwa Peugeot 404 ya nozeli iliyompa Bert Shankland, mkazi wa Tanzania, ushindi wa mwaka 1966 na wa mwaka 1967 uliofuata. Pampu yake, ya Kugelfischer, ilikuwa ya chuma na springi tupu, haina umeme wa kufikiri ndani yake. Mafundi walioigusa walihitaji vipimo vya uangalifu mkubwa, lakini bado ilikuwa kitu cha kushikwa na kuonekana.

Kilicholeta mageuzi ya kweli kilikuwa hewa ya mji ulio mbali nasi. Los Angeles, uliozungukwa na milima na kujaa magari, ulifunikwa na ukungu wa hudhurungi uliochoma macho, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 mkemia Arie Haagen-Smit alibainisha kwamba ukungu huo hutokana na mvuke wa petroli na gesi za moshi wa magari zinapopikwa na jua. Jimbo la California likatunga sheria za moshi. Kabureta, isiyojua baridi wala joto, haikuweza kupima mafuta kwa insafu iliyotakiwa na sheria hizo. Wahandisi wa kampuni ya Bendix walikuwa wamekwisha kujaribu mapema: mfumo wao wa nozeli za umeme uliwekwa katika magari machache ya Chrysler ya mwaka 1958, lakini vifaa vya umeme vya wakati ule havikuhimili joto na mtikisiko, na mengi kati ya magari hayo yalirudishiwa kabureta. Bosch waliichukua fikra hiyo wakaiendeleza, na mwaka 1967 Volkswagen 1600 iliyokusudiwa soko la Marekani ikatoka na mfumo wa D-Jetronic, ambao herufi yake ya kwanza yasimama badala ya neno la Kijerumani la shinikizo, maana ulipima shinikizo la hewa inayoingia. Mwaka 1973 ukafuata L-Jetronic, uliopima wingi wa hewa yenyewe; mwaka 1976 Volvo wakaongeza sensa ya oksijeni katika bomba la moshi; na mwaka 1979 mfumo wa Motronic, katika gari la BMW, ukayakusanya mafuta na cheche chini ya kompyuta moja.

Hapo ndipo nguzo ya nne ilipoongezwa, na hiyo ndiyo maana ya historia yote hii. Injini ya kabureta ilitaka hewa, mafuta na cheche. Injini ya nozeli yataka hewa, mafuta, cheche, na habari. Kompyuta haina pua wala kidole. Hukaa gizani ndani ya kasha lake, ikategemea mashahidi wanaoiletea habari kwa waya: yuko wa kueleza joto la maji, yuko wa kueleza wingi au shinikizo la hewa, yuko wa kueleza mahali ilipo krankishafti, yuko wa kueleza oksijeni iliyosalia katika moshi. Kwa kauli zao hukata shauri, takriban sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu moja ya petroli kwa uzito injini inapokuwa na joto, na mafuta mengi zaidi inapokuwa baridi, kisha huifungua kila nozeli kwa muda wa elfu chache za sekunde. Shahidi akisema uongo, hukumu hupotoka, ingawa hakuna kilichovunjika katika injini yenyewe. Na maradhi yaliyo katika habari hayanuki, hayavuji, wala hayagongi.

Magari ya nozeli na kompyuta yalitufikia kwa wingi pale milango ya biashara ilipofunguliwa. Tanzania iliruhusu mwaka 1984 watu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa, na Kenya ikalegeza masharti yake mwanzoni mwa miaka ya 1990. Na kwa kuwa Wajapani huendesha upande wa kushoto kama sisi, na kwa kuwa ukaguzi wa magari nchini kwao huwa ghali kadiri gari linavyozeeka, magari yao yaliyotumika yalimiminika bandarini, mengine yakipitia Dubai. Neno EFI, jina la mfumo huo wa nozeli za umeme, likaingia katika lugha ya mtaani, likitamkwa kwa herufi zake, na mwanzoni lilitamkwa kwa hofu. Stadi aliyeheshimiwa miaka 20 kwa sikio lake alifungua boneti akakuta msitu wa waya na soketi, pasi na kabureta. Wako waliokataa kuyagusa magari hayo. Wako walioung'oa mfumo wote, wakaweka kabureta ya injini nyingine, wakarudi katika nyumba waliyoijua. Na wako, wengi zaidi, walioingia katika desturi mbaya ya kubadilisha vipuri kimoja baada ya kingine, leo plagi, kesho pampu, keshokutwa kontroli boksi, wakitumaini kwamba siku moja mkono utamwangukia mkosaji.

Nililiona jambo hili kwa karibu katikati ya miaka ya 1990, nilipohamia Njombe kikazi na gari dogo la Kijapani nililokuwa nimelitumia Dar es Salaam miaka miwili bila taabu kubwa. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya bahari, na asubuhi za Julai kule huacha umande mweupe majanini. Gari lile, ambalo pwani liliwaka kwa kuchelewa kidogo tu, kule juu lilikataa kabisa alfajiri. Nilipiga stata mpaka betri ikachoka, na ikibahatika kuwaka, injini ilitetemeka kama mwenye homa kwa dakika kumi, ikizima kila nilipokanyaga mafuta, kisha ikapona na kwenda vyema mchana kutwa. Mafundi wawili walibadilisha plagi, filta na pampu ya mafuta. Taa ya injini katika dashibodi ilikuwa ikiwaka siku zote, na wa kwanza wao alikuwa ameniambia kwamba magari ya kompyuta ndivyo yalivyo.

Wa tatu alikuwa mzee mmoja mwenye kibanda chini ya mti wa mlingoti, aliyejifunza kazi katika malori ya mashamba ya chai. Nilimwamkia, nikaanza kumhesabia vipuri nilivyonunua.

"Sikuulizi wamebadilisha nini, mwanangu," akasema. "Nakuuliza gari lako linakataa lini."

"Asubuhi, mzee. Likishapata moto halina neno."

"Na Dar es Salaam?"

"Kule lilikuwa likichelewa tu kidogo."

Akanyamaza kitambo, kisha akamwambia mwanagenzi wake alete kipande cha waya. Pembeni ya injini palikuwa na kijikasha chenye kifuniko, na ndani yake matundu mengi yenye majina; akaunganisha kwa waya ule tundu lililoandikwa TE1 na lililoandikwa E1, akaniomba nifungue ufunguo bila ya kuwasha. Taa ya injini ikaanza kupepesa. "Hesabu kwa sauti," akamwambia kijana. Kijana akahesabu: mbili, ikatua, mbili, ikapumzika, mbili, ikatua, mbili. Ishirini na mbili. Mzee akafungua daftari lililolowa mafuta, akaweka kidole kwenye mstari: joto la maji. Nikasema basi tununue sensa mpya.

"La," akasema. "Namba haijasema kwamba sensa ni mbovu. Imesema kwamba kompyuta haisikii habari ya joto. Mjumbe aweza kuwa mzima na njia ikawa imekatika."

Akaifungua sensa, akaipima kwa mita ikiwa baridi: omu zaidi ya 3,000. Akaitumbukiza ncha yake katika bilauri ya maji yaliyochemshwa kwa ajili ya chai, na namba ikaporomoka hadi mia chache, kama inavyopasa. Shahidi alikuwa mkweli. Kisha akashika waya mmoja wa soketi yake, akauvuta taratibu. Ngozi ya waya ikarefuka kama mpira, kwa sababu ndani yake shaba ilikuwa imekwisha kuliwa. Alipoipasua kwa kisu, ukamwagika unga wa kijani. Ilikuwa chumvi ya bahari ya Dar es Salaam, niliyopanda nayo mlimani. Kompyuta ile, iliponyimwa habari, ilikuwa imetengenezwa kujikadiria kwamba maji yana joto la nyuzi 80, ili gari lisikwame njiani. Na kwa kadirio hilo iliipa injini baridi mafuta ya injini yenye moto. Katika joto la pwani kosa hilo lilivumilika, katika baridi ya Njombe halikuvumilika. Akaunga waya mpya wenye urefu wa kiganja, na alfajiri iliyofuata gari likawaka stata ilipoguswa tu.

Siku hiyo ndipo nilipofahamu kwamba fundi wa zama hizi si tabibu tena, bali ni kadhi. Tabibu humwona mgonjwa. Kadhi hakuwapo tendo lilipotendeka, naye hukata shauri kwa ushahidi wa wengine, na kwa hiyo sharti la kwanza la kazi yake ni kuwapima mashahidi kabla ya kuyapima maneno yao. Na kama ilivyo kwa kadhi, dhulma kubwa kupita zote ni kumhukumu asiye na hatia, kwa kuwa hukumu hiyo hutenda mabaya mawili: humwadhibu mwema, na humwacha mkosaji huru. Pampu yangu nzima iliyotupwa ilikuwa imehukumiwa hivyo.

Kutokana na mahakama hizo za chini ya miti mafundi wetu walijitungia taratibu, ambazo hazikuandikwa lakini zajulikana kutoka Kampala hadi Lindi. Swali la kwanza ni baridi au moto. Gari linalokataa baada ya kulala, lakini likiwaka huenda vyema, aghalabu limepoteza shinikizo la mafuta usiku: mfumo wa nozeli huhitaji shinikizo la takriban mara tatu ya lile la hewa, na vali ndogo ya pampu ndiyo inayolizuia lisirudi tankini. Katika magari ambayo pampu yake hulia kwa sekunde mbili ufunguo unapofunguliwa, fundi hufungua na kufunga mara tatu bila ya kupiga stata, kisha huwasha; likikubali mara moja, vali imejifichua yenyewe. Linalokataa likiwa na moto, na kutoa moshi mweusi likiwaka, hutazamiwa nozeli inayovuja au sensa ya joto inayodai kwamba injini bado ni baridi. Linalozima ghafla katika joto la mchana, likapumzishwa, likawaka tena kana kwamba halikuwa na neno, humwelekeza fundi kwenye sensa ya krankishafti, ambayo nyuzi zake za ndani huachana zipatapo joto na kukutana zipoapo.

Injini inayowaka bali haitulii, ile ambayo mafundi husema haina sailensa, mngurumo wake ukipanda na kushuka gari likiwa limesimama, huulizwa kwanza kama yavuta hewa kwa mlango wa nyuma. Mpira uliopasuka au gasketi iliyochoka huingiza hewa ambayo shahidi wa hewa hakuiona ikipita. Fundi huitafuta kwa mpira mwembamba, ncha moja sikioni na nyingine ikitambaa juu ya viungio, mpaka asikie mluzi. Na inayomisi hurudishwa katika jaribio lile nililomwomba msomaji alihifadhi: leo hung'olewa soketi ya nozeli badala ya waya wa plagi, lakini hoja ni ile ile, kwamba silinda isiyofanya kazi haisikitikiwi ikinyimwa. Bisibisi ndefu ikiwekwa mpini wake sikioni na ncha yake juu ya nozeli, husikika ikigonga kama saa. Iliyo kimya haifunguki. Na koili ikishukiwa, huhamishwa kutoka silinda ya kwanza kwenda ya tatu: kosa likihama pamoja nayo, burhani imekamilika, likibaki pale pale, koili hurudishiwa heshima yake. Mafundi waliolitunga jambo hili kwa dhiki ya kukosa vipuri vya kujaribia walifikia, bila ya chuo, kanuni ile ile ambayo maabara hufundisha, yaani kubadilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja.

Petroli yenyewe nayo ilisimama kizimbani. Kwa miaka mingi iliwekwa risasi ili injini isigonge, na risasi hiyo huiua sensa ya oksijeni na chujio la moshi, hata magari yaliyofika kwetu yakiwa mazima yalipoteza shahidi wao wa mwisho baada ya matangi machache. Ndivyo ilivyokuwa mpaka nchi za kusini mwa Sahara, zilizokubaliana mjini Dakar mwaka 2001, zilipoiacha petroli ya risasi ulipoingia mwaka 2006. Ikafuata balaa ya kuchanganya mafuta ya taa ndani ya petroli, ambayo katika Tanzania iliipa lugha neno uchakachuaji, likavuma mwaka 2010 hata likatumika kwa kura. Mafuta ya taa hayageuki mvuke upesi, hivyo injini baridi huchelewa kuwaka, na gari likishawaka hugonga likipanda mlima. Hakuna namba ya kompyuta inayosema kwamba mafuta ni ya hila. Ndiyo maana fundi mwenye busara humuuliza mwenye gari alijaza lini mara ya mwisho, kisha hutia tone kiganjani, na kungoja: petroli safi hutoweka na kuacha ubaridi, yenye mafuta ya taa huacha utelezi na harufu. Pua ya tabibu wa zamani haikustaafu.

Usomaji wa namba nao ulibadilika. Mwaka 1996 Marekani ililazimisha kila gari jipya dogo kuwa na soketi ya aina moja yenye matundu 16 na namba za aina moja, na Ulaya ikafuata kwa magari ya petroli mwaka 2001. Mashine ya kusomea namba hizo, iliyokuwa mali ya mawakala wakubwa peke yao, leo hukaa katika mfuko wa shati la kijana wa Gerezani na kuzungumza na simu yake. Hilo ni jema, nami nalifurahia; kupepesa kwa taa kulimlazimu mtu kuhesabu, na wengi walihesabu vibaya. Walakini mashine imezaa ghalati mpya, ya kudhani kwamba kutajwa ni kuhukumiwa. Namba P0301 yasema silinda ya kwanza yamisi. Haisemi kwamba ni plagi, koili, nozeli, waya, au vali iliyoungua. Namba P0171 yasema mchanganyiko una mafuta machache kuliko hewa, na mara ngapi nimeona sensa ya oksijeni ikitupwa kwa namba hiyo, ilhali ndiyo iliyosema kweli, na mkosaji ni filta ya mafuta iliyoziba au mpira uliopasuka! Kumtupa aliyetoa habari kwa sababu habari yake haipendezi ni dhulma kongwe, nayo haikuanza katika magari.

Kwa hiyo historia hii, kwa rai yangu, haituambii kwamba ujuzi wa zamani umekufa, wala kwamba wa kisasa ni hadaa. Yatuambia kwamba ushahidi ulihama: ulikuwa katika harufu na mlio, ukaingia katika waya, na heshima ya fundi yafuata pale anapoweza kuufuata ushahidi, popote ulipojificha. Kilichobaki vile vile tangu barabara ya Mannheim ni kwamba gari halisemi, na wa kwanza kutoa ushahidi ni yule aliyekuwa nalo. Bertha Benz alijua mrija ulizibia wapi kwa sababu alikuwa ndiye dereva na ndiye fundi. Sisi tuliogawana kazi hizo mbili hatuna budi kuziunganisha kwa maneno. Nilipokuwa nikiondoka Njombe miaka minne baadaye, nilipita kwenye kibanda cha yule mzee kumuaga, nikamkuta kijana wake, ambaye sasa alikuwa fundi kamili, ameinama juu ya gari la mtu mwingine, waya mkononi bado haujachomekwa. Mwenye gari alikuwa akimhesabia vipuri alivyonunua. Kijana akamwacha amalize, kwa adabu, kisha akamuuliza: "Linakataa lini?"